Volti Tisa

Jumamosi, Sheffield, manyunyu
yasiyoamua kuwa mvua wala kukoma.
Nimeshuka tramu na gitaa mgongoni,
mfukoni pauni sabini na tano
za zamu tatu za usiku, kukunja mashuka ya hospitali.
Kwizera aliniambia: usinunue kwa macho.
Yeye hupiga besi, kwake kila kitu ni uzito.

Ile ya kwanza niliinunua kwa macho.
Plastiki ya buluu, nyepesi kama kopo la sabuni.
Ilikata roho katikati ya harusi, ukumbini Burngreave,
bibi harusi mguu mmoja hewani,
na noti yangu ikatoka peke yake, kavu,
kama mtu anayepiga hodi nyumba iliyohamwa.
Rahisi ghali. Nilijua. Nikajifanya sijui.

Bi Staniforth amevaa miwani,
mingine ameisahau utosini.
Anapanga tatu juu ya kaunta. Haulizi bajeti.

Moja ina taa kama gari la matangazo,
mitindo kumi na miwili, kioo kidogo kinachokusalimia.
Napiga. Inarudisha nilichopiga, sawasawa,
mara ya tano sawa na ya kwanza,
hata kidole kilichoteleza, hata mkwaruzo wa uzi,
kosa langu limepanga foleni,
na karani anasoma mashtaka bila kupandisha sauti.
Safi. Siwezi kuishi nayo chumba kimoja.

Ya pili ni nzuri. Nzuri kweli.
Lakini ukiitikisa kitu kinacheza tumboni,
na tundu la waya limeshikwa na gundi, hakuna nati.
Naigeuza, naigeuza tena, naiweka.
Bi Staniforth anatazama dirishani.

Ya tatu ametoa chini, nyuma ya katoni za nyuzi.
Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hii haikujiuza wala haikujitembeza,
ilikaa tu. Rangi ya maharage yaliyoungua,
chuma cha kutosha kuzuia mlango na upepo wake,
virungu vitatu, kimoja si chake, ni cha redio.
Kwenye kitako mtu amekwaruza: OAKES. USIGUSE.

"Iangushe," anasema.
Nasita.
Anaiangusha yeye, kwenye vigae,
halafu anaisogeza kwangu kwa ncha ya kiatu.

Naichomeka. Swichi inalia tko, kama kufuli la stoo.
Napiga noti moja, ile ya juu, ya kuingilia sebene.
Inarudi.
Inarudi tena, imevaa koti.
Inarudi kama habari iliyopita midomo mitatu,
kingo zimelika, kiini kipo.
Nateleza makusudi. Kosa linarudi mara moja, mbili;
la tatu sijui tena kama lilikuwa kosa.

Nafikiri lugha yangu nayo ilizaliwa na pedali.
Pole pole. Mbali mbali. Kidogo kidogo.
Hata haraka tunaisema mara mbili
ndipo tuinyime baraka.

Na zile simu za kadi: mama Kigoma, mimi huku,
"haloo" yangu ikinirudia sikioni kabla ya yake,
tukigongana, tukinyamaza pamoja,
sema wewe, hapana sema wewe,
dakika zinakwisha.
Ule ucheleweshaji niliuchukia.
Leo naulipia.

"Tisini."
Namwonyesha nilichonacho, hadi sarafu.
Anahesabu, ingawa anaona.
Oakes, anasema, aliiburuta kila baa toka hapa mpaka Hull,
mara mbili ikaoga bia, mara moja ikaachwa basini,
na ndevu zake, Mungu wangu, zile ndevu.
Anachukua sabini. Tano ni za betri.
Volti tisa, zile za mraba, si za bei chee,
na usilale umeacha waya umechomekwa, inakunywa usiku.

Kwenye tramu nimeipakata. Baridi yake inapenya suruali.
Kijana wa kiti cha mbele anauliza kama ni bomu.
Ni mwangwi, namwambia. Hacheki.
Chini ya jina la Oakes pana nafasi ya vidole viwili.
Nyumbani nina msumari.